Koti la Mama Mkwe Juu ya Paa

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mama Do-yeong, lakini nilikuwepo, nimekaa kiti cha nyuma yake ndani ya basi, kwa hiyo asije mtu akaniambia niliota.

Ilikuwa Jumamosi ya vuli, jua la upole, miti imeanza kuwa myekundu. Sisi wanawake wa mtaa mmoja wa Gwangju, kusini mwa Korea, tulikodi basi na kiongozi wa watalii, twende tukaone mahali palipopigwa picha za "Pazia la Malkia", ile tamthilia ya enzi za wafalme iliyotuunguzia sufuria majira yote ya baridi. Mama Do-yeong alikuwa mgonjwa wa tamthilia hiyo kuliko sote. Alijua hata hatua za vijakazi. Kwa ajili ya safari alikwenda saluni, akanunua viatu vyeupe, akajipulizia manukato. Alitaka siku moja tu ya kuonekana mtu.

Usiku wa kuamkia safari mumewe, fundi wa meli anayefanya kazi mbali na nyumbani, alipiga simu. "Mchukue na mama. Usimwache peke yake."

Basi asubuhi akaja na mama mkwe.

Yule bibi alikuwa amepita miaka themanini. Mgongo ulikuwa umepinda kama mundu kwa kupanda mpunga, na alitembea akisukuma kigari kidogo kilichokuwa cha mtoto. Alivaa koti la zambarau lililonuka dawa ya viungo, na kichwani taulo, kama yuko shambani. Sikio moja lilikuwa limekufa, la pili linasuasua. Ukimwambia kitu, huweka kiganja nyuma ya sikio na kupaza sauti, "Eh? Sema kwa nguvu, mwanangu!"

Kabla basi halijaondoka, Mama Do-yeong alimvua lile taulo na kulitumbukiza ndani ya mkoba wake. "Mama, leo si siku ya vitunguu," alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Eh?"

"Nimesema keti!"

Kiongozi wetu, Bwana Pyo, kijana mwenye tai na maneno mengi, alishika kipaza sauti akatuimbisha. Tulimenya machungwa, tukapeana wali uliovingirishwa kwa mwani. Ndipo bibi akafungua kopo lake. Kopo la samaki taa aliyechachushwa.

Nasi ni watu wa mkoa wa Jeolla, taa huyo hakosi kwenye harusi zetu, lakini ndani ya basi lililofungwa madirisha! Harufu ilipanda puani, machozi yakatutoka. Dereva alipiga chafya. Mama Gyu-tae, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Jamani, choo kimepasuka wapi?" Basi zima likaangua kicheko.

Bibi hakusikia. Alichukua kipande kwa vidole vitatu akamsogezea mkwewe mdomoni mbele ya watu wote. "Kula. Ulipokuwa na mimba ya Do-yeong ulikuwa unalilia hiki tu. Nimekichachusha mwenyewe."

"Funika, Mama. Nakuomba funika."

"Eh?"

Mama Do-yeong akamnyang'anya kopo, akalifunga, akageukia dirishani. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. Nilimwonea huruma, nikamwonea huruma na bibi, aliyebaki ameshika hewa kwa vidole vyake vitatu.

Kijiji cha tamthilia kiko kando ya bwawa. Wenye kuangalia televisheni hudhani ni mji mzima. Ukifika unakuta mbao, plasta na rangi. Kuta za mawe zinalia kama kopo ukizigonga. Katika uwanja wa ikulu bibi alimwona mfalme wa nta aliyewekwa kwa ajili ya picha, akaacha kigari, akapiga magoti mavumbini akamsujudia. "Mtukufu, miaka hii mchele umeshuka bei mno," alimlalamikia kwa sauti kubwa. Watalii wengine wakachomoa simu kurekodi. Na mkwewe, na viatu vyake vyeupe, akalazimika kumwinua.

"Unaniaibisha," alimwambia. "Kila mahali unaniaibisha."

Safari hii bibi alisikia. Alijipangusa magoti akasema polepole, "Basi nitasimama mbali." Akaenda kusimama mbali, kando ya mitungi ya kuchachushia maharage, ameshika kigari chake.

Kituo cha mwisho kabla ya chakula kilikuwa Nyumba ya Waziri. Ni uso wa nyumba tu: paa, mlango, ngazi, nyuma yake hakuna chumba, ni nguzo za kuegemeza na uwanda wa nyasi kavu. Hapo ndipo ilipopigwa ile picha iliyoiliza nchi nzima, mama yake waziri anapokata roho na mtumishi anapanda juu ya paa kumwita.

Bwana Pyo alieleza kwa ajili ya vijana. "Wazee wetu, mtu akikata roho, hawakumlilia papo hapo. Mmoja alipanda paani na vazi la marehemu, akageukia kaskazini, akalipunga, akaita jina lake mara tatu, 'Rudi!' Roho isikie, irudi. Sasa, nani anataka kupanda? Ngazi ni imara, na picha inatoka nzuri sana."

"Mimi!" alisema Mama Do-yeong. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo mwaka mzima.

"Tatizo moja, dada. Vazi la kuigizia limepelekwa kufuliwa."

Sijui shetani gani alimpitia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mitungi, akamvua mama mkwe lile koti la zambarau, bibi akiinua mikono kwa utii kama mtoto anayevuliwa shati. Akapanda nalo. "Angalau litapigwa upepo harufu itoke!" alituambia, nasi tukacheka.

"Utaita jina gani?" akauliza Mama Gyu-tae. "La kwenye tamthilia?"

Kwetu jina la mzee halitamkwi. Yule bibi alikuwa mama wa fulani, bibi wa fulani, mke wa marehemu fulani. Tangu aolewe sidhani kama kuna kinywa kilichomwita kwa jina lake. Mkwewe aligeukia kaskazini, akapunga koti, akaita kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bwawa.

"Cha Bong-nim, rudi! Cha Bong-nim, rudi! Cha Bong-nim, rudi!"

Vicheko vilikatika. Hata Mama Gyu-tae alijifunika mdomo. Kumwita roho mtu aliye hai, tena mama mkwe wako, tena kwa jina tupu!

Ndipo nyuma ya mlango sauti ikaitika.

"Eeeh! Naja!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa shambani, ile ya kupiga kelele toka tuta hadi tuta. Tuligeuka wote kumtazama bibi. Alikuwa amesimama kwenye mitungi. Mdomo wake ulikuwa umefumba.

"Mmeficha spika," alisema mtu.

"Hatuna spika hapa," alisema Bwana Pyo. Aliusukuma mlango. Nyasi kavu tu, zinainama kwa upepo.

Tulipogeuka tena, bibi alikuwa anatujia. Bila kigari. Mgongo umenyooka.

Mkwewe aliposhuka, bibi alilipokea koti kwa mikono miwili. "Asante sana," alisema kwa sauti laini ya mabibi wa ikulu. "Tusiwacheleweshe wenzetu."

Chakula tulikula mkahawa wa palepale kijijini. Bibi alikaa magoti pamoja. Alikula kidogo kidogo akifunika mdomo, akamsifu mpishi, akamuuliza Mama Gyu-tae habari za mguu wake. "Hewa ya huku imemfaa," walinong'ona wanawake. Mama Do-yeong aling'aa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinua kichwa, akamjazia mama mkwe bakuli kama mkwe wa kwenye tamthilia.

Nilikuwa mwisho wa meza ya tatu. Nilimnong'oneza jirani yangu, "Mbona amenyooka hivi?"

Bibi aliinua macho toka kule alikokaa akanitabasamia. "Ni kupumzika tu, Mama Hye-rin."

Sikio lililokufa lilikuwa limesikia mnong'ono wangu toka meza ya tatu.

Mama Do-yeong naye aliona. Nilimwona akimtazama, anatabasamu, halafu tabasamu linakauka. Alifungua mkoba, akatoa lile kopo, akalifungua chini ya meza.

"Mama. Kipande kimoja?"

Bibi alirudi nyuma. Alitazama ndani ya kopo, kisha akamtazama mkwewe. "Hiki ni kitu gani?"

Mama Do-yeong aliushika mkono wake akaugeuza. Kiganja kilikuwa laini. Hapakuwa na sugu hata moja.

Aliinuka akakimbia. Nikamfuata.

Nyumba ya Waziri ilikuwa na wageni wengine sasa, wanafunzi waliokodi mavazi ya kale, wanapigana picha. Kigari kilichokuwa kwenye mitungi hakikuwepo. Mama Do-yeong alipanda ngazi. Koti hakuwa nalo, yule wa mkahawani alikuwa amelivaa. Alichomoa taulo ndani ya mkoba. Alikabili kaskazini.

Wanafunzi wakainua simu zao.

"Mama," aliita. Sauti haikunifika vizuri hata mimi niliyekuwa chini yake.

Nyuma ya mlango, magurudumu yakakwaruza changarawe.

"Eh? Nani huyo?"

Ilikuwa sauti yake. Ya karibu. Ubao tu ulituzuia.

"Mama, rudi."

"Sema kwa nguvu, mwanangu! Sikusikii!"

Mama Do-yeong alifungua kinywa. Msichana mmoja alicheka. "Tazameni, shangazi anaigiza anatoa machozi ya kweli!" Simu zote zikamgeukia. Nilimwona akizitazama. Nilimwona akijaribu. Shingo yake ikawa nyekundu mpaka masikioni.

"Mpigie kelele!" nilimwambia, nami pia nilinong'ona.

"Cha Bong-nim..." alisema, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani usiku.

"Eh?"

Alilivuta taulo kifuani, macho kwenye zile simu.

"Basi," ilisema sauti. "Nitasimama mbali."

Magurudumu yakaanza kwenda. Polepole. Yakapita changarawe, yakaingia kwenye nyasi. Nilizunguka nyuma mbio. Nyasi hazikuwa zimelala popote. Honi ya basi ikalia, na Bwana Pyo akaja akihema. "Dada, shuka, watu wanakuangalia."

Akashuka.

Yule aliyerudi nasi aliishi kwao miaka miwili. Mtaa mzima ulimsifu. Mwanawe alisema mama amekuwa kijana. Hakupaza sauti, hakutia vitunguu saumu mdomoni, na hakumwita mkwewe "mwanangu" tena mbele wala nyuma ya watu. Mama Do-yeong alimtumikia huku macho ameyainamisha. Kila alipopata nafasi alirudi kule bwawani, mpaka siku alipokuta Nyumba ya Waziri imebomolewa, tamthilia nyingine inajengewa soko. Bibi akafa majira ya baridi ya tatu, kwa adabu, usingizini. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Waliomvika sanda walimwambia Mama Do-yeong, "Bahati iliyoje, mama yako hana hata kovu." Alitoka nje akatapika.

Mwezi uliopita walianza kurudia "Pazia la Malkia" kwenye televisheni, saa za mchana.

Nilisikia kelele toka chini. Kwenye magorofa yetu watu hugombana kwa sababu ya kiti kilichoburutwa, seuze ukelele wa namna ile. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nikashuka kumkanya, mlango ulikuwa wazi.

Harufu ilinipokea mlangoni, ile ya taa aliyechachushwa, kali, ya kutoa machozi. Jikoni hapakuwa na kitu. Mama Do-yeong alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, taulo mkononi, nywele timutimu. Picha aliisimamisha pale mtumishi yuko juu ya paa. Tuliitazama picha ile mara ngapi mwaka ule? Kila mara mlango wa Nyumba ya Waziri ulikuwa umefungwa. Sasa ulikuwa wazi kidogo. Katika upenyo palikuwa na kigari, na nyuma yake mzee aliyepinda kama mundu, kiganja nyuma ya sikio.

"MAMA!" alipiga kelele mpaka vioo vikatetemeka. "CHA BONG-NIM! MAMA, RUDI! NI MIMI!"

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ngazi. Wengine walikuwa wanarekodi. Hakuwatazama. Alinigeukia, sauti imekauka.

"Mama Hye-rin, wewe niambie. Inafika?"

Nilichukua kitambaa nikajifanya nafuta televisheni, ili tu nisimtazame usoni. Kiooni palikuwa na alama ya mafuta, ya vidole vitatu vilivyokutana, kama vya mtu anayelisha. Nilifuta. Nikafuta tena kwa nguvu. Alama ilikuwa upande wa ndani.