Mashua Iliyolambwa na Ng'ombe

Jumanne moja ya mwezi wa nane, jua likiwa ndiyo kwanza limepanda, nilikuwa nimelala chali chini ya mashua nikikwangua rangi, na nilikuwa nimechoshwa na kila kitu. Naomba nieleweke. Mimi ni mfugaji wa Nyarero, huku Tarime, mbali kabisa na pwani. Nina ng'ombe kumi na wanne, mihogo na migomba. Bahari nimeiona mara moja tu, siku niliyokwenda kuichukua mashua hiyo, na sikuipenda.

Mashua ilikuwa ya kaka yangu, Stanslaus. Alikwenda Mtwara kutafuta kazi, akaajiriwa na mzungu mmoja mzee aliyekuwa akizunguka pwani kwa mashua ya tanga yenye chumba cha kulala ndani. Mzungu alipozeeka na kurudi kwao, alimwachia Stanslaus mashua. Kaka akahamia humo humo. Kila akipiga simu alikuwa na habari mbili tu, matengenezo yasiyokwisha na nyangumi.

"Mura, yule mnyama akitoa pumzi utadhani dume la ng'ombe limesimama nyuma yako," alikuwa akiniambia, akiniita kijana kwa kilugha chetu, na mama anacheka pembeni.

Mwaka jana, msimu wa nyangumi, mashua ilikutwa ikielea peke yake. Tanga lilikuwa limekunjwa vizuri. Mezani palikuwa na kikombe cha chai. Stanslaus hakuonekana tena.

Mama akasema, "Kama yeye hamkumpata, nileteeni nyumba yake." Tukaileta kwa lori, siku nne barabarani, tukaiegemeza kwenye magogo kando ya zizi.

Katika ukoo wetu, aliyepotea majini huzikwa kwa shina la mgomba. Kabla ya kufukia, mzee huita jina lake mara tatu na watu wote hunyamaza. Ule ukimya ndio unaotuambia kwamba hayupo. Basi baba mdogo Nchagwa akasimama kaburini, akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, na ndani ya mashua kukagongwa, ko.

"Yupo," mama akasema, taratibu kabisa.

Baba mdogo alinitazama. Waombolezaji walikuwa juani tangu asubuhi, nyama imeshaiva, na mimi nilikuwa sijalala siku tatu. "Ni mbao zinatanuka kwa jua," nikasema. "Fukieni." Wakafukia. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Tangu siku ile mama akaacha kula. Alitaka mashua itunzwe, ili Stanslaus akirudi akute nyumba yake inakalika. Nikishika brashi, anakula. Nikiiweka chini, anasukuma sahani. Kwa hiyo nilipaka rangi, mimi Mseti, huku majirani wakipita na kuniuliza safari ni lini. Nilipaka kwa sababu sikutaka kumzika mama pia.

Lakini mashua ile haikukubali kutengenezwa! Nikipaka Jumatatu, Alhamisi rangi imeumuka na kubanduka. Nikiziba nyufa, kesho yake zinatoa majimaji. Kwanza nilidhani ni umande. Halafu ng'ombe wakaanza kuacha magadi yao na kuja kulamba mbao, wakalamba mpaka ndimi zikatoka damu. Nikagusa ubao kwa kidole, nikaonja. Chumvi. Nilitukana kwa sauti, maana sikujua la kufanya lingine.

Wiki iliyofuata chini ya mashua kukaota magamba madogo meupe, magumu, yenye makali. Fundi Athuman, seremala wa Bomani ambaye babu yake alitokea pwani, aliniambia huota kwenye vyombo vilivyomo baharini tu. Nilikuwa nimemwita aje azibe nyufa kwa pamba, kitaalamu. Alifanya kazi nusu saa. Kisha akasimama, akaweka kiganja kwenye ubao, akasogea sikioni kwangu.

"Kaka Mseti, chombo kikivuja, maji huingia," akanong'ona. "Haya yanatoka."

Akaondoka. Nyundo yake ninayo hadi leo.

Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, nikasikia pumzi. Ilikuwa nzito, ndefu, na ilitoka upande wa migomba, kule tulikofukia lile shina. Dume langu likainua kichwa. Likaitikia.

Mama naye akaanza kuingia kwenye chumba cha mashua kila asubuhi. Anakaa humo, anaongea. Akitoka, pindo la kanga limelowa. Nikaogopa. Jumanne ile ninayoisema, nilitupa kikwangulio, nikachukua misumari minane na nyundo ya Athuman, nikaupigilia mlango wa kile chumba.

"Hutaingia tena, mama. Nimechoka!"

Hakugomba. Aliitazama tu misumari. "Mwanangu," akasema, "umemfungia mara ya pili."

Saa kumi nikampelekea uji. Kitanda kitupu. Jikoni hayupo. Nikakimbilia mashua. Misumari yote minane ipo. Nikaweka sikio kwenye mlango.

Ko. Halafu ko nyingine, nyepesi zaidi.

Walikuwa wawili.

Niling'oa misumari. Ndani palikuwa pakavu. Kwa mara ya kwanza tangu tuilete, mashua ilikuwa kavu, ina vumbi. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai. Nikavigusa. Vya moto.

Mama hakuwemo.

Tulimtafuta siku nane. Siku ya tisa baba mdogo aliona kaburi la Stanslaus limetitia. Tukalifukua. Shina la mgomba halikuwemo. Kulikuwa na ndala za bluu za mama, nilizomnunulia Tarime mwezi mmoja kabla. Zilikuwa zimefunikwa na yale magamba meupe, tabaka juu ya tabaka, kana kwamba zimekaa chini ya bahari miaka mingi.

Sasa ukoo umeamua kumzika mama kwa shina. Kesho baba mdogo atasimama kaburini amwite mara tatu. Nami mara hii siwezi kusema ni mbao zinatanuka. Kwa hiyo jana niliibomoa mashua ubao kwa ubao, nikaichoma yote, na majivu nikayamwaga mtoni. Nataka mama akiitwa kusiwe na kitu cha kugonga.

Leo asubuhi nimefungua mlango nikakuta ng'ombe wote kumi na wanne wametoka zizini. Wamejipanga kwenye ukuta wa nyumba yangu. Wanalamba.