Simama, Alisema Mama Mukwe

— Alliance, mama yangu amefika toka Butembo. Anataka kukuona leo saa kenda.

— Leo? Liévin, saa kenda siye tuko na muchezo wa kuigiza ku uwanja wa shule!

— Acha vijana wacheze bila weye.

— Ni miye naongoza!

Liévin akashusha sauti.

— Nilimwambia weye ni mwalimu wa Kifaransa. Hajue kama unafundisha ngoma.

Masikio ya Alliance yakawaka moto. Vijana wa mitaa yote ya Bunia walimwita mwalimu, na mchumba wake mwenyewe alimficha!

— Basi umulete hapa.

Akakata simu. Ujumbe ukaingia: "Chérie, tafadhali, usinipatishe haya."

Akajibu: "Haya ni ya ule aliyesema uongo. Saa kenda."

Saa kenda uwanja wa shule ulijaa hadi watoto wakapanda ukuta. Ngoma zikalia, vumbi likapanda, wachezaji wakaruka. Alliance akapanda jukwaani.

— Mukiona mutu anakosea mu muchezo, museme "Simama!" Kisha mupande, mukamate nafasi yake, mutuonyeshe vile angefanya!

Caleb, mwigizaji mrefu aliyejifunga kitenge kama mama mkwe, akamsukuma bibi arusi wa mchezo.

— Mucheza ngoma hataingia mu nyumba yangu!

— Simama!

Sauti ilitoka katikati ya watu. Liévin alikuwa anamvuta mama yake mkono, lakini mama huyo, Mama Adeline, alijitoa, akapanda jukwaani. Caleb akampisha. Mama hakumtazama bibi arusi. Alimwendea Alliance.

— Ni weye wa mu foto Liévin alinionyesha. Mwalimu wa Kifaransa?

Alliance akainua kidevu.

— Hapana, mama. Nafundisha ngoma na michezo. Ni kazi yangu, sitaiacha.

— Hata Liévin akikuomba?

— Hata akilia, mama.

Watu wakapiga mayowe! Mama Adeline akageuka.

— Liévin! Panda!

Akapanda, jasho likimtiririka.

— Nani alikuambia miye nachukia ngoma?

— Hakuna mutu, mama. Marafiki walikuwa wananicheka, nikaogopa.

Liévin akamgeukia Alliance.

— Nilikuficha kama kitu kibaya. Unisamehe.

Machozi yalimjaa Alliance, hasira nayo ilikuwa bado.

— Sema tena, kwa nguvu. Wale wa nyuma hawakusikia.

Liévin akavuta pumzi, akapasua koo:

— NILISEMA UONGO! MIYE NAPENDA MUFUNDISHAJI WA NGOMA, NA NINATAKA KUMUOA!

Ngoma zikalipuka zenyewe. Alliance akacheka huku analia, akamkumbatia mbele ya Bunia nzima. Mama Adeline alikuwa ameshaanza kucheza, mabega yakienda kasi kuliko ya vijana.

— Mutoto yangu, arusi ni lini? akauliza akihema.

— Tuko na muchezo kule Aru, mama. Tukirudi tu.

— Aru? Mama Adeline akakaza kitenge chake kiunoni. — Basi tunaenda siye wote.