Hodi Kwenye Modemu

Kilichomponza Mwamvita ni adabu. Jumatano, jua la utosi, alikuwa nyumbani kwake Kipawa akihangaika na kompyuta iliyogoma kuingia mtandaoni. Modemu ikapiga simu, ikakoroma kama kawaida yake, halafu kwenye spika ikatoka sauti nzito: "Hodi."

"Karibu," akajibu. Mtu wa pwani ataisikia hodi anyamaze?

Basi tena! Nyumba ikanuka udi ambao hakuna aliyeuchoma. Kila alipoandika namba ya kupigia mtandao, ilijifuta, ikaja namba ya simu ya nyumba hiyohiyo. Akachomoa nyaya, akachomeka, akaipanga modemu upya tangu mwanzo. Namba ikarudi palepale. Na chuo cha uuguzi ng'ambo kilitaka jibu la bintiye Najma kwa barua pepe, mwisho Ijumaa. Likichelewa, nafasi anapewa mwingine.

Alhamisi simu ya sebuleni ikalia. Mumewe, Fakihi, akainua mkonga, akasikia pumzi, na pumzi ile ikawa inatoka simuni na kwenye spika ya kompyuta na nyuma ya kisogo chake, yote kwa pamoja, yenye joto na harufu ya udongo mbichi.

"Mama Najma, tuhame," akanong'ona. "Tumwachie."

"Nimwachie nani? Matofali haya nimefyatua mie!"

"Polepole, anasikia."

"Na asikie! Si mgeni? Mgeni siku mbili."

Ijumaa Mwamvita akaegemeza jembe kwenye meza ya kompyuta. "Bwana mgeni, leo siku ya tatu. Kwangu hakuna kula kulala. Jembe hilo, kazi iko uani."

Udi ukakatika. Namba aliyoiandika ikatulia. Modemu ikakoroma, jibu la Najma likaenda, na Mwamvita akapiga kigelegele.

"Mama!" Najma akaita kutoka uani. "Jembe liko huku!"

Lilikuwa limejaa udongo mbichi, kando ya kaburi kamili, lenye mwanandani wake, urefu sawasawa na Mwamvita. Mwamvita akamgeukia mumewe.

"Baba Najma, lete mche wa mgomba."

"Mke wangu!"

"Shimo limeshachimbwa. Lete mgomba."

Wakafukia, wakapanda. Alipokuwa akishindilia udongo kwa miguu, chini ya nyayo zake ikatoka sauti ileile: "Hodi."

Mwamvita akafumba mdomo, akazidi kushindilia.