Sombe Iliyozikwa

Kila asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, Faida alitwanga sombe. Alitwanga majani ya muhogo mpaka yakawa laini. Aliyachemsha muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Kisha alitia mawese, chumvi na ndagala. Ndagala ni samaki wadogo wa ziwa, na mjini Baraka hakuna aliyepika sombe bila hao, kama walipatikana.

Ilikuwa miaka ya vita. Assani, mume wa Faida, alikuwa amewaachia wavuvi wenzake nyavu na kwenda Kazimia kuuza samaki wakavu, na hakuna aliyejua mtumbwi wake ungerudi lini. Nyumbani alibaki Faida na watoto wake. Alibaki pia na mgeni. Mgeni huyo aliitwa Adolphine, mjane kutoka milima ya Fizi. Watu wenye bunduki walikuwa wamechoma kijiji chake, naye akashuka kwa miguu pamoja na mabinti wake wawili. Faida aliwapa chumba ambamo Assani alikuwa akiweka nyavu.

Siku aliyofika, Adolphine alisema jambo moja tu kuhusu chakula.

"Mama, mi sikulaka nyama, hata siku moja."

Faida alicheka. "Nyama? Dada, mbuzi wa mwisho wa mtaa huu aliliwa na askari. Nyama utaiona wapi?"

Jambo hilo likaisha hapo. Kila mchana Faida alimpelekea mgeni wake bugali na bakuli la sombe. Kila mchana bakuli lilirudi tupu, limeoshwa, linang'aa.

Lilirudi upesi mno. Hilo ndilo lililoanza kumsumbua Faida. Mtu anayekula hutafuna. Huyu alitafuna saa ngapi? Na kama sombe iliisha kila siku, mbona binti mdogo wa Adolphine alizidi kukonda?

Asubuhi moja Faida aliwakuta kuku wakichakura udongo nyuma ya choo. Alisogea, akainama. Chini ya udongo palikuwa na sombe. Ilikuwa sombe yake, na ndagala wake ndani yake. Haikuwa imemwagwa. Ilikuwa imefukiwa vizuri, na juu yake palikuwa pamewekwa jiwe.

Faida alimwita jirani yake Waridi, akamwonyesha. Waridi alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Chakula kinazikwaka bure? Muntu akizika chakula ya chungu yako, anazika bahati yako. Nyavu za Assani zinaleta nini siku hizi?"

"Maji tu," alijibu Faida.

"Umeona! Ao labda anafikiri unamupa sumu. Akisema hivyo sokoni, mama, batakuchoma weye na nyumba yako. Mufukuze sasa, mbele Assani hajarudi."

Maneno hayo yalimwingia Faida kama mwiba. Alijua kwamba, katika siku zile, mwanamke aliyeshutumiwa kwa sumu hakuulizwa maswali. Alijua pia kwamba, akimfukuza Adolphine, njia iliyobaki ilikuwa ile ya kurudi mlimani kwenye bunduki, yeye na watoto wake. Akaanza kumchungulia mgeni kupitia ufa wa mlango. Alificha chumvi. Aliwakataza watoto wake wasiingie katika chumba cha nyavu. Adolphine aliona hayo yote, akazidi kujifungia chumbani, na hilo likazidi kumtia Faida shaka.

Mwishowe Faida aliamua kumpima. Mchana alitandika mkeka uani, akaweka bugali na bakuli katikati, akamwita Adolphine na mabinti wake. Kwanza alionja mwenyewe, polepole, mbele ya macho yao. Hivyo ndivyo mwenyeji anavyomthibitishia mgeni kwamba chakula hakina neno.

"Nimeonja. Sasa weye."

Adolphine aliwatazama ndagala na vijicho vyao vyeupe. Akakunja mikono. "Siwezi, mama."

"Huwezi! Nimekula mbele yako, na bado unaniogopa? Ama ni mi ndiye nikuogope? Unazika nini nyuma ya choo changu?"

Wakati huo aliingia Mama Rosette, jirani aliyepima watoto kwenye zahanati. Alikuja kumwangalia yule binti aliyekonda. Alisimama mlangoni, akasikiliza.

"Nilikuambia," Adolphine alisema kwa sauti ndogo. "Mi sikulaka nyama."

"Nyama iko wapi hapa?" Faida alipiga kelele. "Hii ni ndagala!"

Mama Rosette akaangua kicheko mpaka akashika mlango. Faida alimkasirikia.

"Unacheka nini, Mama Rosette?"

"Nijibu kwanza. Nyama ni nini?"

"Ya mbuzi. Ya ng'ombe. Ya kuku."

"Na samaki?"

"Samaki ni samaki."

"Na ndagala?"

"Ndagala ni mboga! Hata mutoto anajua."

"Na wewe, Adolphine, nyama ni nini?"

"Kila kitu chenye pumzi," Adolphine alijibu. "Hata yai. Hata maziwa. Walipochoma kijiji walichinja kila kilichotembea, wakaviacha vikioza njiani. Nilipita juu ya damu hiyo. Nikamwahidi Mungu kwamba hakuna kitakachouawa tena kwa ajili ya tumbo langu."

Lakini Faida hakuwa ameridhika. "Mbona hukusema kwamba hata ndagala hutaki?"

"Mukimbizi anachaguaka chungu? Ungenifukuza."

"Na kuzika?"

"Wale ndagala walikufa. Sikuweza kubatupa kama takataka."

"Na nyavu za Assani? Waridi anasema ulizika bahati yake."

"Waridi avue mwenyewe aone," alisema Mama Rosette. "Wavuvi wanaogopa kwenda mbali sababu ya bunduki. Pale karibu na pwani watapata nini?"

Kisha alikaa kwenye mkeka, na sasa hakucheka tena.

"Adolphine, nadhiri yako ni nzuri, nami siigusi. Lakini samaki huyu amekwisha kufa. Ulipomzika hukumwokoa, ulifanya afe bure. Tena ulizika pamoja naye majani, mawese na jasho la Faida, wakati watu wanalala na njaa. Chakula usichokula, mpe anayekila, kingali moto."

"Nami nifanye nini?" aliuliza Faida.

"Sombe ikiiva, pakua ya Adolphine kabla hujatia ndagala. Tumia mwiko mwingine. Ama kaanga ndagala pembeni, kila mtu ajitilie. Halafu pika kinachotosha. Kikibaki, kichemshe mpaka kitokote kabla ya kulala, kisha ukichemshe tena kabla ya kula. Kikinuka uchachu, usionje. Fukia penye migomba."

Alimgeukia tena Adolphine. "Majani na bugali peke yake havikutoshi. Kula maharage au karanga kila siku. Ukisikia kizunguzungu au ganzi, njoo zahanati, maana asiyekula samaki wala yai wala maziwa anaweza kupungukiwa damu. Na mabinti wako walikula nini siku hizi zote?"

"Bugali na chumvi," alisema Adolphine, akainamisha kichwa.

"Nadhiri ni yako. Wao hawakuiweka, na miili yao bado inajengwa."

Adolphine alifungua kinywa ajibu. Lakini binti yake mdogo alikuwa tayari ametia mkono ndani ya bakuli, na mkia wa ndagala ulikuwa ukionekana kwenye mdomo wake. Adolphine hakumzuia.

Faida hakuacha shaka kwa siku moja tu. Kwa muda aliendelea kupita nyuma ya choo akikagua udongo. Hakukuta kitu. Jikoni, Adolphine alimfundisha kutia karanga zilizotwangwa ndani ya sombe, na watoto wa Faida wakaanza kugombania sufuria ya Adolphine. Hakikubaki chakula cha kutupa. Binti mdogo alinenepa mashavu, na Mama Rosette alipompima, alimtania kwamba amekuwa mzigo.

Mwishowe Assani alirudi kutoka Kazimia. Kabla hata hajakaa, akauliza:

"Faida, huko Kazimia nimesikia kwamba nyumbani kwangu kuna muntu anazika chakula. Anaondoka lini?"

Adolphine alikuwa jikoni. Mkono wake ulisimama juu ya kinu.

"Nani alikuambia?" aliuliza Faida.

"Batu."

"Basi ukiwaona, waambie waje kula hapa. Lakini waseme mapema kama habakulaka ndagala, sababu huyu dada anapakuliwa wa kwanza, kabla sijabatia."

Akampa mumewe maji ya kunawa. Jikoni, mchi ukaanza tena kutwanga.