Zamu ya Kukanyaga Theluji

Haya yalimpata mdogo wangu Simina, na milima ya Rodna siisamehe mpaka naingia kaburini.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, jua linawaka. Simina, mchumba wake Horia na rafiki yao Dinu walipanda na viatu vya theluji, vile vipana visivyozama. Mchana walikula mkate na mafuta ya nguruwe ya kukaushwa, huku wakitaniana. Harusi ilikuwa baada ya Pasaka.

"Bwana harusi, angalia unapokanyaga," Dinu alisema. "Ukituponyoka leo, shemeji namrithi mimi."

"Wewe? Hata zamu yako unaikwepa, mvivu mkubwa!" Horia akamjibu.

Kwetu theluji laini hukanyagwa kwa zamu. Wa mbele akichoka anasogea pembeni, wenzake wanapita, naye anaingia mkiani.

Walipofika juu, ukungu ukawafunika ghafla. Simina ndiye aliyekuwa mbele. Alipochoka akasogea pembeni. Dinu akapita akinung'unika. Horia akapita, akamgusa bega. Simina akainua mguu aingie nyuma yake.

Akapita mwingine.

Alikuwa amejifunika ngozi ya kondoo mpaka usoni. Hakuhema. Wachungaji hawapandi kule wakati wa baridi, hata mtoto anajua. Simina akamfuata kwa nyuma. Kupiga kelele aliogopa, maana theluji ilikuwa imening'inia juu yao, na kelele zingeweza kuiporomosha.

Mbele Dinu akachoka, akasogea pembeni. Horia akampita na kushika zamu. Yule wa ngozi naye akapita. Simina alipomfikia Dinu, alimkuta ameduwaa.

"Shemeji," alinong'ona, "yule nani?"

"Sijui. Dinu, yuko nyuma ya Horia."

Ndipo wakamsikia Horia akicheka ndani ya ukungu.

"Aa, Dinu! Umekuja kunipokea kabla sijachoka? Leo umepona uvivu!"

Dinu alikuwa amemshika Simina mkono.

Simina akasahau theluji iliyoning'inia. "Horia! Huyo si Dinu! Simama!"

"Njooni basi!" Sauti ilikuwa mbali sasa. "Dinu keshapata njia!"

Hakusema tena.

Walifuata nyayo zake kwa kutambaa. Zilikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa genge, zikaishia hapo. Mbele ya nyayo zake hapakuwa na za mtu mwingine. Simina aliita mpaka sauti ikamkauka. Dinu akamburuta kumrudisha.

Wakashuka, Dinu mbele, Simina mkiani. Nusu ya njia akasikia theluji ikikanyagwa nyuma yake. Polepole. Karibu.

"Usigeuke," Dinu alinong'ona. "Shemeji, nakuomba, usigeuke."

Hakugeuka. Hatua zile zilimfuata mpaka getini kwetu. Akaingia mbio, mama akafunga mlango kwa komeo.

Waokoaji walitafuta chini ya genge siku nyingi. Horia hakuonekana, mpaka leo.

Lakini asubuhi ya kwanza, baada ya usiku ule, mimi ndiye niliyetangulia kutoka nje. Juu ya nyayo za Simina, kutoka mlimani mpaka kwenye kizingiti, zilikuwa zimekanyagwa nyayo nyingine. Nilizitambua. Viatu vile vya theluji nilimwazimisha Horia mimi mwenyewe, na chini ya cha kushoto palikuwa na jino la chuma lililovunjika.

Mlangoni alikuwa amesimama muda mrefu. Chini ya miguu yake theluji ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena. Nyayo za kuondoka hazikuwapo.