Pumzi Nyuma ya Pazia

Fundi wa hewa alifika magharibi, ngazi begani na kipande cha karatasi ya chooni mfukoni. Karatasi hiyo ndiyo ilikuwa kipimo chake. Aliichana nyembamba, akaishika kwa vidole viwili mbele ya mlango au dirisha, akaangalia inaelekea wapi. "Karatasi haimwogopi mwenye nyumba," alikuwa anapenda kusema.

Mama Chiriku alimfungulia huku ameweka kidole mdomoni. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali anakabwa. Hebu isikilize hiyo pumzi... hiii... hiii... kama bawaba inayodai mafuta. Mtoto wa miaka sita huyo, na zamani alikuwa akiongea kuanzia chai ya asubuhi hadi usingizi umkatie neno mdomoni, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Sasa hamalizi sentensi moja. Daktari alimpima kifua, akauliza habari za nyumba, kisha akasema: nyumba yenu haipumui, na msipoifanya ipumue, mtoto huyu hatauona mwisho wa msimu wa baridi. Hakumung'unya maneno.

Ingepumuaje? Mama Chiriku alikuwa mwaka wa tisa kwenye duka la vioo na madirisha, na kuziba ndiko alikokujua kuliko kupika. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukutana na mwanamke huyu. Aliziba fremu, akaziba vizingiti, akaziba hata tundu la ufunguo la mlango wa uani. Bunduki ya silikoni, ile gundi ya kuzibia, ilikaa droo moja na vijiko.

Na feni aliichagua mwenyewe. Wiki moja kabla, fundi alimkalisha akamweleza kwa utaratibu. Kuna ya kunyonya tu: boksi moja darini, mabomba yanavuta hewa chafu kutoka jikoni, bafuni na sebuleni, inatupwa nje. Kuna ya kubadilishana, inatoa chafu na kuingiza safi, lakini hiyo inataka tundu kila chumba.

"Kwa mgonjwa, chukua ya kubadilishana," fundi alisema. "Nyumba ikinyonywa bila tundu la kuingizia, itavuta popote itakapopata."

"Tundu kila chumba? Hakuna kinachoachwa?"

"Kila chumba, dada."

"Basi weka ya kunyonya."

Msidhani ni ubahili. Ni kwamba mwisho wa korido kulikuwa na chumba ambacho hakutaka mtu aingie. Mlango wake ulifunikwa na pazia la buluu lililofika sakafuni. Fundi alipouliza, akaambiwa ni stoo ya makopo ya rangi.

Haikuwa stoo. Nitawaambia ilikuwa nini, na atakayechukia achukie.

Kilikuwa chumba cha mama mkwe wake. Bibi huyo alihamia kwao na sanduku moja na chupa ya dawa ya kuchua kifua. Mwezi huohuo mtoto akaanza kukohoa. Mwenzake wa dukani akamnong'oneza Mama Chiriku kwamba kikongwe anayekaribia safari hutafuta pumzi ya kuazima, na iliyo tamu kuliko zote ni ya mjukuu. Mchawi huyo, shoga, fumbua macho. Mama Chiriku hakuuliza mara mbili.

Mumewe alikuwa mpima ardhi, kazi zake za porini, miezi miwili haonekani. Alipopanda gari tu, mkewe alipigilia dirisha la bibi misumari kumi na moja. Kioo alishakibadilisha, akaweka kile cha tabaka mbili wanachouziwa wenye mabenki, kisichovunjika hata kwa fimbo. Kitasa cha ndani akakichomoa, kwa kuwa bibi alikuwa anakitikisa na kumsumbua, na shimo lake akalijaza silikoni, akalisawazisha kwa kidole gumba. Mwisho akauziba mlango wenyewe, pande zote nne.

Bibi hakupiga kelele. Alisema tu nyuma ya mbao, taratibu, "Nifungulie dirisha, mwanangu."

Na mkwewe akamjibu kwa adabu zote, "Lala, mama. Tutafungua kesho."

Siku tatu alimjibu hivyohivyo. Chiriku alikuwa amekaa koridoni na mdoli wake, akisikiliza. Siku ya nne hapakuwa na wa kujibiwa.

Mume aliambiwa mama amefia usingizini. Alilia, akazika, akarudi porini. Chumba kikazibwa upya kwa sababu ya harufu. La kuvunda halina ubani, lakini huyu alikuwa na silikoni.

Na kikohozi cha mtoto?

Kilizidi.

Basi tuirudie magharibi ile. Fundi alishuka kutoka darini, akajipangusa vumbi, akabonyeza swichi. Mmmm... sauti ya chini, ya kistaarabu. Jikoni, karatasi ikavutwa juu kwenye bomba. Bafuni vilevile. Mama Chiriku akaanza kushusha mabega. Koridoni karatasi ikageuka, ikawa inasukumwa kutoka upande wa pazia.

Wote wawili wakatazama.

Pazia lilikuwa linatuna.

Lilituna polepole, katikati, kimo cha kifua cha mtu. Likatulia. Kisha likasinyaa, likajibana kwenye mlango. Likatuna tena.

"Feni haifanyi hivi," fundi alinong'ona. "Feni huvuta moja kwa moja. Hii inaenda na kurudi."

Akainua pazia, akapitisha kidole kwenye silikoni. Chini, karibu na kizingiti, ilikuwa imeachia urefu wa kiganja.

"Mbona stoo umeiziba?"

"Harufu ya rangi."

"Dirisha lake?"

"Limezibwa pia."

Fundi alichuchumaa hapo na karatasi yake kwa muda mrefu. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imezidi kushuka. "Dada, chumba kilichozibwa kina hewa ya dakika chache. Ikishanyonywa imekwisha. Hii nimeikalia robo saa nzima, haipungui. Inatoka wapi?"

Harufu ilikuwa imeshamfikia Mama Chiriku. Dawa ya kuchua kifua. Na kule sebuleni mtoto akacheka, macho yamefumba.

Fundi alikusanya vifaa haraka kuliko alivyovitandaza, hata selotepu yake nene ya kijivu akaiacha sakafuni. Mlangoni akasema, "Kesho asubuhi nakuja kutoboa tundu mle ndani. Feni usiizime. Na mlango ule usiuguse peke yako." Akaondoka bila kuaga vizuri, ngazi ikigonga ukuta.

Kesho asubuhi. Mama Chiriku alisimama koridoni akiyapiga mahesabu ya mambo mengine. Fundi ataona misumari. Ataona shimo la kitasa. Ataona mbao za mlango kwa ndani, na kucha zilizopita hapo... Mafundi wana midomo, na mume anarudi keshokutwa. Lazima chumba kisafishwe usiku huu. Tena dirisha likifunguka mtoto atapata hewa safi. Wazo hili la pili lilikuwa la kweli, nami simdhulumu: mtoto wake alimpenda. Angeweza kumuua mtu kwa ajili yake, na aliua.

Simu aliiacha jikoni ikichaji. Akachukua tochi, nyundo na kisu cha dukani. Akaikata silikoni kuuzunguka mlango, akazungusha kitasa cha nje, akausukuma. Mlango ulifungukia ndani, mzito, kana kwamba hewa yote ya chumba imeuegemea. Akavua kandambili moja akaichomeka chini yake usijifunge. Kisha akaingia.

Hakukuwa na uvundo. Hilo ndilo lilimsimamisha. Hewa ya mle ilikuwa ya joto, yenye unyevu, kama ya mtu anayekusemesha usoni kwa karibu mno. Kitanda. Godoro lenye bonde la mwili mdogo. Chupa ya dawa dirishani, kifuniko kimefunguliwa.

"Wewe umekufa," Mama Chiriku aliliambia godoro. "Ubaki umekufa."

Akaanza na misumari. Wa kwanza ukang'oka. Wa pili. Wa tatu ulikuwa umepinda, akauhangaikia, jasho likimtiririka. Nyuma yake akasikia kitu chepesi kikiburutwa sakafuni.

Ssss...

Paa.

Mlango umejifunga.

Akaurukia, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kitasa. Hapakuwa na kitasa. Kulikuwa na duara gumu la silikoni, na katikati yake alama ya kidole gumba, mistari yote inaonekana. Ya kwake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, sikutunga mimi.

"Chiriku."

"Abee, mama."

"Zungusha kitasa usukume mlango, mwanangu."

"Mama, kandambili yako nimeiweka pale pa viatu, kwa sababu wewe ulisema viatu visizagae koridoni mtu asije akajikwaa."

Mama Chiriku aliganda. Sentensi nzima hiyo, ndefu, bila mlio hata mmoja. Hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu mtoto alipougua. Na mkiamini msiamini, mle gizani alifurahi, machozi yakamtoka kwa furaha.

"Umepona, mama wee... Kifua hakibani?"

"Hakibani. Bibi ananipulizia."

Furaha ikaishia hapo.

"Bibi hayupo, Chiriku. Sukuma mlango."

"Yupo. Yuko hapo na wewe, kitandani." Akaendelea kama anayerudia anachoambiwa. "Anasema alikuwa ananipulizia tangu zamani, nikilala. Ya kwake alikuwa ananipa mimi. Ukamfungia."

Tochi ilififia. Mama Chiriku hakugeuka kutazama kitandani. Alisikia chaga moja ya kitanda ikilia, ile ya katikati, kama mtu amejiweka vizuri.

"Anasema hewa ya humu ni ya mtu mmoja," Chiriku aliendelea. "Nikipata mimi, wewe hupati. Anasema mama mzazi hawezi kukataa."

"Mwanangu, nisikilize..."

Krrr... krrr...

"Unafanya nini hapo?"

"Naziba. Kama wewe."

Selotepu ya fundi. Alimsikia akiivuta, akiikata kwa meno, akiibandika na kuipigapiga kwa kiganja ili ishike. Chini kwanza. Kisha pembeni. Kisha kiti cha jikoni kikaburutwa kuja, maana juu hafiki.

Alitaka kupiga kelele. Lakini kelele nazo zinataka pumzi, na ndipo alipoelewa kwa nini bibi siku zile hakupiga. Alirudi dirishani, akainua nyundo, akakipiga kioo. Kilitoa ufa mdogo wa utando, kikabaki palepale, kioo kizuri, alikichagua kwa mkono wake. Akakipiga tena. Mara ya tatu nyundo ilimponyoka ikaangukia mguu wake usio na kiatu, na hakuwa na nguvu ya kulia. Akajikokota hadi mlangoni. Akalala kifudifudi, midomo kwenye kizingiti.

"Nifungulie, mwanangu," alinong'ona.

Mtoto aliinama upande wa pili. Sauti yake ilikuwa safi, na ya adabu zote.

"Lala, mama. Tutafungua kesho."

Fundi alikuja asubuhi kama alivyoahidi. Mama Chiriku alimsikia akibisha, akasikia miguu midogo ikikimbia kumfungulia.

"Eh, Chiriku, umeamka mzima. Mama yuko wapi?"

"Amelala. Alichoka sana jana. Fundi, mbona ngazi yako ina rangi? Unapanda mpaka wapi? Wewe huogopi?"

Fundi alicheka kidogo. Viatu vyake vikaja koridoni, vikasita mbele ya pazia. Kisha Mama Chiriku akasikia karatasi ikichanwa.

Alijua ataishika wapi. Alikusanya kilichobaki kifuani, chote, akapuliza kwenye kizingiti kwa uhai wake wote.

"Haisogei," fundi alisema, sauti imejaa unafuu. "Aliyeziba hapa nani?"

"Mimi."

"Mkono kama wa mama yako."

Hakuugusa mlango. Alikuwa ameogopa tangu jana, na mwoga akipewa sababu ya kutofungua mlango haombi ya pili. "Basi mwache apumzike," alisema. "Akiamka, mwambie nitapita kesho."

"Kesho," Chiriku akaitikia.

Mlango wa mbele ukafungwa. Feni iliendelea kuvuma, na harufu ya dawa ya kuchua ikasogea, ikainama karibu na sikio la mwanamke aliyelala sakafuni, ikaanza kumnyonya pumzi taratibu. Koridoni, Chiriku alikaa na mdoli wake, akauimbia wimbo mrefu toka mwanzo hadi mwisho, bila kusimama hata mara moja kuvuta pumzi.