Kanda za Nyuzi Tano

Wimbo ulikuwa umekwisha, lakini mshale wa kupimia sauti uliendelea kucheza.

Fundi aliutazama, akagonga kioo chake kwa kucha kama watu wanavyogonga saa iliyosimama. Akaongeza sauti hadi mwisho. Kwenye spika hakukuwa na kitu ila mchakacho mwembamba wa kanda kuukuu, na bado mshale ulipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Kisha chumba kikajaa harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Alizima mashine, akakagua nyaya zote, asione hata mmoja ulioungua. Akajiambia mashine imezeeka, na yeye mwenyewe hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kuokoa sauti. Watu walimletea kanda za harusi, za hotuba, za kwaya na bendi zilizokwisha kusambaratika, naye akazihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Chumba chake hakikuwa na dirisha, na kuta zake zilibandikwa sponji, hivyo mchana wa humo ulikuwa wa taa. Kanda alizokuwa akizisikiliza zililetwa na mjane mmoja, zimefungwa kwenye shuka safi kama mtoto mchanga. Mume wa mjane huyo alikuwa mwanamuziki wa bluzi aliyeitwa Nyuzi Tano, kwa sababu gitaa lake lilikuwa na nyuzi tano badala ya sita. Alirekodi mara moja tu maishani, kampuni ikafungwa kabla santuri haijatoka, na baada ya hapo hakuna aliyemtafuta tena. Wanamuziki wa zamani walimtaja kwa kubahatisha, kama mtu anayesimulia ndoto ya juzi. Mjane alisema hana haja kubwa. Anataka tu watu wajue kwamba mume wake aliishi.

Na kwa kweli alistahili kujulikana. Masikio ya Fundi yalikuwa yameota sugu kwa miaka ya kusikiliza waimbaji waliojiona wakubwa, lakini sauti ile ilimtoa machozi kabla hajajua inaimba nini. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake kutoka mlango hadi mlango, naye amesahau anamwita nani.

Nyumbani hakuitwa Fundi. Mume wake alimwita Mama Kidege, naye alimwita mumewe Baba Kidege, ingawa Kidege mwenyewe hakuwapo tena. Alikuwa mtoto wao wa pekee, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu aliamka anaongea na kulala anaongea. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule. Haukupita muda mrefu, kiharusi kikamchukua baba mtu mkono wa kushoto, na pamoja na mkono huo kikamchukulia gitaa. Zamani alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki iliyotoa santuri moja, ikanunuliwa zaidi na mashemeji. Sasa alishinda amekaa karibu na dirisha la jikoni, mkono wake umelala mapajani kama mzigo ambao mtu amemshikisha kisha asirudi kuuchukua.

Ndiyo maana Jumapili mchana Fundi alimpelekea nakala ya nyimbo zile. Alidhani atafurahi. Aliweka kispika kidogo juu ya meza, akarudi kwenye vyombo vyake.

Wimbo wa pili ulipoanza alisikia kiti kikisogea. Aligeuka, akaona vidole vya mkono uliokufa vikitembea juu ya paja la mumewe, kimoja kimoja, kama buibui anayejaribu utando.

Wakatazamana. Kisha mume akainuka, akalishusha gitaa ukutani, akalifuta vumbi kwa shati alilovaa, akapiga. Fundi alilia hadi akakaa chini sakafuni.

Siku zilizofuata nyumba ilirudi kuwa nyumba. Mume alipiga gitaa asubuhi na jioni, vizuri kuliko alivyowahi kupiga akiwa kijana, na majirani wakawa wanasimama nje wakijifanya wanafunga viatu. Alianza tena kumtania mkewe kwamba chai yake ina maji mengi kuliko bomba. Aliutoa uzi wa sita kwenye gitaa, akisema unamsumbua. Fundi hakuuliza. Aliisikia harufu ya utambi kwenye mapazia na kwenye mito, akafua, ikarudi, na bado hakuuliza, maana mtu aliyekaa gizani muda mrefu hana moyo wa kukagua taa imetoka wapi.

Aliuliza siku ya kwenda kusafisha kaburi. Alikuwa amekwisha kuchukua jembe dogo na ndoo, akamwambia mumewe avae viatu, wamechelewa kwa Kidege.

Mumewe aliinua uso kutoka kwenye gitaa. Uso ulikuwa mwema, umetulia.

"Kidege ni nani?" akauliza.

Mwanzoni Fundi alidhani ni mzaha mbaya. Alimwonyesha picha iliyokuwa ukutani miaka yote. Mume aliitazama kwa heshima, akasema mtoto mzuri, ni wa jirani gani? Hapo ndipo Fundi alipokumbuka kwamba kwa majuma kadhaa hajaitwa Mama Kidege. Alikuwa akiitwa mke wangu, naye alilipokea jina hilo kama zawadi.

Alimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akaushangaa mkono wake, akasema kichwa hakina tatizo lolote. Juma lililofuata mume aliuliza kama yeye aliwahi kuwa na mama.

Alasiri moja Fundi alirudi nyumbani mapema kutoka kazini. Gitaa lilikuwa likilia ndani, na kabla hajagusa mlango alijua kwamba sauti ile haikuwa ya mumewe, ilikuwa ile ile ya kwenye kanda, ya kuita na kusahau, na harufu ya utambi ilikuwa nzito hadi machoni, naye akasukuma mlango, akapita sebule, akafika jikoni ambako jua lilikuwa linawaka kama kawaida juu ya sahani na masufuria, akamwona mumewe amelala fofofo kwenye kiti, kichwa kimeegemea nyuma, mkono wake wa kulia, ule mzima, unaning'inia chini, hali mkono wa kushoto peke yake unapanda na kushuka shingoni mwa gitaa, na nyuzi zinatikisika bila mtu wa kuzikwaruza, na taya la mumewe, polepole, bila haraka yoyote, linatafuna.

Mdomoni hamkuwa na kitu.

Fundi alimtikisa, akaamka, akatabasamu, akamuuliza kama amerudi salama. Fundi akatoka nyumbani bila kufunga mlango, akaenda moja kwa moja kwa mjane.

Mjane alimsikiliza amesimama. Fundi alipofika kwenye habari ya kutafuna, mjane akakaa. Alisema kwamba hata yeye aliwahi kuliona taya lile, na hakumwambia mtu kwa sababu alidhani limekwenda kaburini na mwenyewe. Miaka ya mwisho ya ndoa yao, alieleza, mume wake aliimba kila siku juu ya mwanamke anayemtafuta, ilhali yeye mkewe yuko chumba cha pili anampikia. Siku moja alimpelekea chakula, mume akamshukuru, kisha akamuuliza, "Samahani mama, hapa umekuja kumwona nani?"

Mjane alifuta uso kwa mkono, akavaa viatu. Walikwenda pamoja kwa Mzee Mirindimo, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya Nyuzi Tano. Siku ile ya kurekodi ilikuwa siku yake ya mwisho kushika ngoma, na tangu hapo husomea wagonjwa dua. Mzee hakushangaa. Aliwaeleza kwamba Nyuzi Tano alifiwa na pacha wake, akashindwa kulala, akawa anakwenda kupiga gitaa peke yake katika ukumbi mmoja uliofungwa, akiomba maumivu yamtoke. Ikatokea siku akajibiwa na jini. Jini yule hakutaka damu wala mnyama. Alitaka wapendwa. Alimla mtu ndani ya kumbukumbu ya mwenye gitaa, akaacha uchungu wake bila jina, na kwa uchungu huo vidole vikapiga. Alianza na pacha, akaja kwa mama, akamaliza kwa mke. Mwenye nyumba alipokufa, mgeni akabaki katika mahali pekee ambapo sauti yake ilikuwa bado inaishi, yaani kwenye kanda.

"Ndiyo maana nyimbo zile zinaliza," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anamlilia mtu asiyemjua."

Fundi aliuliza kama kilicholiwa kinaweza kurudi. Mzee alitikisa kichwa. Wangeweza tu kuokoa kilichobaki. Kanda zifutwe zote pamoja na nakala, na mgonjwa mwenyewe akubali kwa kinywa chake kwamba hautaki mkono ule. Asipokubali, hata wakizichoma, jini atabaki vidoleni.



Kabla usiku haujaingia, Fundi alikaa mbele ya mumewe, akamweleza yote. Mume alisikiliza huku mkono wa kushoto ukichezea kifungo cha shati, kama mtoto aliyepata kitu kipya. Akasema mkono anauona, huyo mtoto hamwoni. Akauliza, bila hasira, kwa nini arudi kuwa gogo dirishani kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kukutana naye.  Machozi yakamtoka Fundi.

"Unamlilia yeye?" mume aliuliza.

"Kila siku."

 Mume akasema, "Mimi simjui. Lakini wewe sijawahi kukuona unalia bure."

Asubuhi walikutana wote wanne katika chumba kisicho na dirisha. Mzee Mirindimo alifukiza ubani, akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Fundi alifuta kwanza nakala za kwenye kompyuta, kisha akaweka kanda ya kwanza mashineni. Njia ya kuifuta ilikuwa kurekodi ukimya juu yake, bila maikrofoni, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mjane aliomba aisikie sauti ya mume wake mara moja tu, wimbo mmoja, hata nusu. Mzee alimkatalia kwa upole. Mjane akaweka kiganja juu ya kanda, akakiacha hapo kama mtu anayempima mgonjwa joto.

"Futa, mwanangu," akasema.

Fundi, ambaye maisha yake yote aliokoa sauti za wafu, akabonyeza.

Kanda tatu zilipita kimya. Ya nne ilipoanza kuzunguka, mshale uliinuka, na hapakuwa na kitu kilichounganishwa cha kuuinua, ukapanda hadi mwisho, ukakaa hapo unatetemeka, taa ikafifia, ubani ukamezwa na harufu ya utambi, na mkono wa kushoto wa mume ukaanza kutembea hewani, unatafuta nyuzi, huku mzee akiinua sauti ya dua na jasho likimchuruzika, na mume, akiwa amefumba macho, akafungua kinywa na kuita kwa sauti yake mwenyewe, ile ya zamani, ya nyumbani:

"Mama Kidege."

 Fundi alidhani amerudishiwa mume wake wa zamani.

"Umechoka," ile sauti ikaendelea, taratibu. "Unambeba peke yako. Nipe na wewe. Utalala usingizi wa kweli."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha kanda. Baadaye alikiri kwamba alikaribia kubonyeza. Alikuwa amechoka kweli, hakuna aliyewahi kumwambia neno la kweli kuliko lile. Lakini kichwani mwake alimwona Kidege amesimama mlangoni mwa jikoni, kiatu kimoja mguuni, anaeleza jambo refu lisilo na kichwa wala miguu, akajua kwamba akimtoa huyu, hapatabaki mtu hata mmoja chini ya jua wa kujua kwamba aliwahi kusimama pale.

"Huyu sikupi," akasema. "Nitamlilia mwenyewe."

Akaondoa kidole. Mzee akamgeukia mgonjwa, akamuuliza kama anautaka mkono ule. Mume alihangaika, midomo ikapinda, taya likaanza kutafuna, kisha akalibana kwa mkono wa kulia hadi likatulia.

"Siutaki," akasema.

Kanda ilifika mwisho, ncha yake ikawa inapiga pap, pap, pap kwenye mashine. Mshale ukalala. Mkono wa kushoto ulianguka mapajani, na haukuinuka tena.

Mjane alizikusanya kanda tupu, akazifunga katika shuka lile lile. Fundi alijaribu kuomba radhi, hata hakujua aanzie wapi. Mjane alimgusa bega, akasema atawasimulia watu hivyo hivyo kwa mdomo, watakaoamini wataamini. Akaondoka na mzigo wake, akitembea kando ya Mzee Mirindimo, ambaye sasa ndiye mtu pekee duniani, mbali na yeye, aliyeweza kusema kwa hakika kwamba alimsikia Nyuzi Tano akipiga mbele ya macho yake.

Jioni ile mume alikaa mahali pake karibu na dirisha. Fundi alimmiminia chai, akamshikisha kikombe katika mkono mzima. Wakakaa. Baadaye mume akamwomba amweleze habari za yule mtoto.

Fundi alimweleza. Alianza na siku aliyozaliwa, akaeleza alivyokuwa akiongea mpaka usingizini, alivyokataa viatu, alivyokuwa akimpandia baba yake mgongoni wakati wa mazoezi ya bendi na kudai naye apewe zamu ya kuimba. Akaeleza homa. Akaeleza nani alibeba jeneza, na nani alishindwa kusimama kaburini. Mume alisikiliza bila kumkatiza, kichwa amekiinamisha, akitikisa taratibu panapostahili, kama watu wanavyosikiliza wakiwa wameketi katika msiba wa nyumba nyingine.

Alipomaliza, mume alitafuta mkono wake, akaushika.

"Pole sana, mke wangu," akasema, na alimaanisha. "Natamani ningemjua."